Natafuta rangi ya kuhimili joto kwa bati la juu la jiko lililochakaa: ipi inafaa, na inapakwaje?

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Nina jiko la gesi lenye vichomeo vinne ambalo kiutendaji halina kasoro: moto unawaka wa buluu, vali zinafunga sawasawa, na oveni yake inashika joto. Kilichochakaa ni bati la juu. Enameli nyeusi imebanduka kuzunguka vichomeo viwili vya mbele na chuma kilichobaki wazi kimeanza kushika kutu, huku kandokando ya bati rangi ikiwa imepauka na kujaa mikwaruzo ya miaka mingi ya kusuguliwa. Vyuma vya kuegeshea sufuria navyo vimepoteza weusi wake, na kila nikivifuta kitambaa kinatoka na unga wa kutu.

Sioni sababu ya kutupa jiko zima kwa sababu ya bati moja, kwa hiyo nimeanza kutafuta rangi ya kuhimili joto. Makopo niliyoyaona yananichanganya, kwani moja limeandikwa nyuzi 120 za Selsiasi, jingine 300, jingine 650, na yote yana picha ya jiko au ya injini ya gari. Naomba mwenye uzoefu anieleweshe ni rangi ipi niinunue, na kama kweli inaweza kudumu mahali panapofutwa kwa sabuni kila siku.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, usijisumbue sana. Chukua lile kopo la nyuzi 650, piga msasa, puliza, subiri ikauke. Rangi inayostahimili bomba la moshi la gari haiwezi kushindwa na jiko la nyumbani.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mleta mada, ushauri wa mwenzangu hapo juu nauheshimu, lakini naomba nieleze kwa nini watu wengi wanaoufuata huona rangi ikitoka kwenye sponji baada ya muda mfupi, tena ikianza kutoka pembeni, mahali ambapo joto ni dogo kuliko popote.

Rangi nyingi za joto kali zinazouzwa kwenye makopo ya kupuliza zimetengenezwa kwa resini ya silikoni, yaani gundi inayoishikilia rangi kwenye chuma. Resini hiyo ina tabia moja inayoamua kila kitu katika kazi yako: hukauka upesi kwa mguso, kwa sababu kiyeyushi chake huvukiza, lakini haiivi mpaka ipashwe moto wa takriban nyuzi 200 au zaidi kwa muda wa kutosha. Kabla ya hapo inaonekana imekamilika na hata ukiigusa haishiki kidole, ila ukucha unaikwaruza, mafuta ya moto yanailainisha, na kitambaa chenye asetoni kinaiondoa yote. Bomba la moshi la gari halina shida hiyo kwa sababu linajipasha lenyewe kila injini inapowashwa. Bati la jiko ni kitu kingine kabisa: karibu na kichomeo joto linaweza kupanda sana, lakini kwenye pembe za bati hata maji yasingechemka. Rangi ileile, iliyopulizwa siku ileile kwa mkono uleule, itaiva sehemu moja na kubaki mbichi sehemu nyingine.

Ndiyo maana nasema namba iliyo kwenye kopo inajibu swali moja tu. Inakuambia rangi haitaungua mpaka kiwango fulani cha joto. Haikuambii kama jiko lako litaipa joto la kuivisha, na haikuambii lolote kuhusu sabuni, sponji au dawa kali za kusafishia. Swali la kwanza kabla ya kununua kopo lolote ni hili: kila sehemu ya bati lako inafikia nyuzi ngapi?

Kupima si vigumu. Washa kichomeo kikubwa kwa moto wote, weka juu yake sufuria pana kuliko zote ulizo nazo ikiwa na maji, acha nusu saa, kisha pima kwa kipimajoto cha kumulika, kile kinachosoma bila kugusa. Sufuria pana ni muhimu kwa sababu inarudisha joto chini kwenye bati kuliko sufuria nyembamba, na wewe unataka kujua hali mbaya kuliko zote. Kuwa mwangalifu na jambo moja: kipimajoto hicho husoma vizuri juu ya enameli na juu ya uso uliofifia, lakini juu ya chuma kinachong'aa husoma joto pungufu sana kuliko lililopo, kwa hiyo usikielekeze kwenye sehemu iliyosuguliwa mpaka ikang'aa.

Kuhusu enameli yenyewe, tuseme ukweli ili usitarajie kisichowezekana. Enameli ya kiwandani si rangi. Ni unga wa kioo uliopakwa juu ya chuma na kuyeyushwa tanurini kwa joto la takriban nyuzi 800, hadi kioo na chuma vikashikana kabisa. Hakuna kopo linaloweza kurudisha kitu hicho kwa kupulizwa. Vile vichupa vidogo vyenye brashi vinavyouzwa kama enameli ya kurekebishia mara nyingi ni epoksi au akriliki. Vinafaa mlango wa friji, ubavu wa mashine ya kufulia, au ukingo wa jiko usiopata joto, na vikiwekwa karibu na moto hugeuka njano, hulainika, kisha hububujika. Kopo lako la nyuzi 120 huenda ni la kundi hilo.

Mleta mada

Nashukuru sana kwa maelezo. Nimepima kama ulivyoelekeza. Karibu na ukingo wa kichomeo kikubwa bati limevuka nyuzi 200, ukisogea upana wa kiganja linashuka hadi kama 130, na pembeni kabisa halikufika 80. Vyuma vya kuegeshea sufuria sikuvipima kwa sababu ndimi za moto zinavigusa. Je, maana yake hakuna rangi moja inayofaa bati zima?

Mchangiaji wa pili

Vipimo vyako vinaeleweka na vimeonyesha tatizo waziwazi. Rangi ya silikoni inaweza kufaa bati zima, kwa sharti kwamba bati lote liivishwe nje ya jiko kabla halijarudishwa mahali pake. Njia nzuri kuliko zote ninayoijua ni kulipeleka bati lililokwisha kupulizwa kwenye karakana yenye oveni ya viwandani, hasa wale wanaopaka rangi ya unga kwenye vyuma, kwa kuwa oveni zao hufanya kazi kwenye joto la karibu nyuzi 200 na zina nafasi ya kutosha. Waombe walipashe bati taratibu kwa hatua zilizoandikwa kwenye kopo lako. Makopo mengi hutaka joto lipandishwe kwa awamu, kila awamu kwa dakika 30 hivi na kupoa katikati, ili kiyeyushi kilichobaki kitoke bila kufanya malengelenge. Ukilirusha bati kwenye joto kali moja kwa moja, mvuke wa kiyeyushi hunaswa chini ya ngozi ya juu na rangi huvimba kama mkono uliomwagikiwa na maji ya moto.

Usijaribu kuivishia bati kwenye oveni hiyohiyo unayopikia. Moshi wa mara ya kwanza una harufu nzito na mabaki yake hubaki kwenye kuta za oveni. Tena bati la juu mara nyingi ni pana kuliko mlango wa oveni ya jiko lake lenyewe.

Ukiwa huko karakana unaweza kushawishika kuwaambia wapake rangi yao ya unga badala ya kuhangaika na kopo. Uliza kwanza ni unga wa aina gani. Unga wa kawaida wa poliesta huivishwa kwenye nyuzi zipatazo 200 lakini haukutengenezwa kuishi kwenye joto hilo kila siku, na kuzunguka vichomeo vyako utapoteza mng'ao, kisha utapasuka. Upo unga uliotengenezwa kwa resini ya silikoni ambao unahimili zaidi, ila si kila karakana inao.

Vyuma vya kuegeshea sufuria ndiyo kazi rahisi. Moto wenyewe utaviivisha. Kopo la nyuzi 650 lililopendekezwa hapo juu ni sahihi kabisa kwa sehemu ambazo chakula hakigusi, ingawa ncha zinazolambwa na moto moja kwa moja zitapauka kwanza na utazipulizia tena baada ya muda. Kama vyuma hivyo ni vya chuma cha kusubu (kilichomiminwa kwenye kalibu) kisicho na enameli, unaweza kuiacha rangi kabisa na kuvipaka mafuta ya kupikia kwa utando mwembamba sana, mwembamba kiasi kwamba ukivifuta unadhani umeyatoa yote, kisha ukavipasha kwenye nyuzi 200 hadi 250 kwa saa moja. Mafuta hugeuka kuwa tabaka gumu jeusi linaloshika chuma, na ukirudia mara kadhaa kutu haipati nafasi. Binafsi napendelea njia hii kwa vyuma, kwa sababu tabaka likichakaa unaliongeza bila msasa wala moshi wa kemikali.

Mchangiaji wa tatu

Naomba mchangiaji wa pili aeleze maandalizi ya bati. Kwa uzoefu wangu hapo ndipo kazi huharibika, hata kama mtu amenunua rangi ya bei kubwa.

Mchangiaji wa pili

Uko sahihi, ndugu yangu, na nitaeleza kwa kirefu kidogo.

Kwanza mafuta. Bati la jiko lina mafuta yaliyoungua na kuwa kama vanishi ya kahawia, hasa chini ya kingo za vichomeo na kwenye mashimo ya skrubu, na ukipiga msasa kabla ya kuyatoa unayasukumiza ndani ya mikwaruzo ya chuma. Safisha kwa maji ya moto na sabuni ya kukata mafuta, suuza, rudia mpaka tone la maji likitandaa juu ya bati badala ya kujikusanya kama ushanga. Kama jiko limewahi kung'arishwa kwa dawa yenye silikoni ya kimiminika, safisha zaidi, kwa sababu mabaki yake huifanya rangi mpya ijivute na kuacha vishimo vya duara kama macho ya samaki.

Pili ni ukingo wa jeraha, yaani pale enameli iliyobaki inapokutana na chuma kilicho wazi. Pitisha ukucha kutoka kwenye chuma kuelekea kwenye enameli. Ukisimama, hapo pana ngazi, na ngazi hiyo ndiyo mahali rangi itakapoanza kubanduka, kwa sababu inakuwa nyembamba mno juu ya ncha na nene mno chini yake. Tumia msasa mweusi wa kutumika na maji, anza na namba 120, ulainishe ukingo kwa subira mpaka ukucha upite bila kukwama, kisha maliza eneo zima kwa namba 320 ili rangi ipate pa kushika. Kioo ni kigumu kuliko rangi, kwa hiyo hatua hii inachosha, na ndiyo inayorukwa na wengi. Vipande vya enameli vinavyocheza vitoe vyote, hata kama jeraha litakuwa kubwa kuliko ulivyotaka, maana kipande kilicholegea chini yake kina kutu inayoendelea kutambaa.

Usisugue enameli ikiwa kavu. Vumbi lake ni vumbi la kioo, na enameli za zamani zinaweza kuwa na madini yenye sumu ya risasi au kadimiamu, hasa zile nyekundu, za chungwa na za njano. Maji hulishika vumbi lisiruke, lakini vaa barakoa ya kuchuja vumbi na kusanya uchafu wote kwa kitambaa cha kutupa. Kwa jiko la zamani sana, ukikuta kamba au karatasi nyeupe ya kijivu yenye nyuzinyuzi chini ya bati, usiichanue wala kuipiga brashi, kwa sababu inaweza kuwa asbesto.

Ukimaliza na maji, kausha bati mara moja, maana chuma kilichosuguliwa huanza kushika kutu ya kahawia ndani ya muda mfupi. Futa kwa asetoni na kitambaa kisichoacha nyuzi, na kuanzia hapo usiliguse kwa mkono mtupu. Usijaze mashimo kwa pashio la magari, yaani ile puti ya kuzibia bodi. Pashio hilo ni la poliesta na halivumilii joto la kuzunguka kichomeo. Usipake praima ya kawaida pia, yaani ile rangi ya kutangulia chini. Rangi ya silikoni huwekwa juu ya chuma kitupu au juu ya praima yake yenyewe ya joto kali, kwa kuwa rangi ya juu ikihimili nyuzi 650 na ya chini ikaungua kwenye 150, zote mbili zitabanduka pamoja.

Kupuliza kwenyewe ni kazi fupi. Tikisa kopo kwa dakika mbili baada ya gololi kuanza kulia, kaa umbali wa sentimeta 25 hadi 30, na piga tabaka mbili au tatu nyembamba kiasi kwamba la kwanza halijafunika chuma chote. Unene ni adui wa rangi hii kuliko wembamba. Fanya nje au mahali penye hewa nyingi, mbali kabisa na moto wowote, kwa maana gesi ya kopo na kiyeyushi chake vyote vinawaka.

Mchangiaji wa nne

Jiko langu ni jeupe. Je, ipo nyeupe inayohimili joto kama nyeusi? Pia mama yangu ana jiko la umeme lenye sahani za chuma, na dada yangu ana la kioo lililokwaruzika. Maelezo haya yanawafaa na wao?

Mchangiaji wa pili

Nyeupe inayohimili joto ipo, ila kadiri joto linavyopanda chaguo la rangi linapungua, na nyeusi pamoja na ile ya fedha yenye unga wa alumini ndizo zinazovumilia zaidi. Nyeupe karibu na kichomeo huelekea kugeuka krimu, na kiraka chake hakitafanana na enameli nyeupe ya jirani. Kwa jiko jeupe lililobanduka kuzunguka moto ningetafuta bati la vipuri kwa namba ya modeli, ambayo kwa kawaida imeandikwa kwenye kibandiko nyuma ya jiko au kwenye fremu ya mlango wa oveni.

Sahani za chuma za jiko la mama yako zina dawa yake maalumu, rojo au kimiminika cheusi, na mara nyingi kina grafiti. Sahani isafishwe kutu kwa brashi ya waya, ipakwe utando mwembamba ikiwa baridi, kisha iwashwe bila sufuria kwa dakika chache madirisha yakiwa wazi. Pete inayong'aa kuizunguka isiguswe na dawa hiyo.

Jiko la kioo la dada yako lisipakwe rangi yoyote. Kioo hicho karibu hakitanuki kabisa kinapopata joto, wakati rangi hutanuka, kwa hiyo itaachana nacho, na kabla ya kuachana itaungua chini ya sufuria. Mikwaruzo isiyokwamisha ukucha ni ya kuvumilia. Penye ufa, jiko lisitumike mpaka kioo kibadilishwe.

Mleta mada

Nimeamua kupeleka bati karakana na kuvifanyia vyuma njia ya mafuta. Kabla sijaanza kufungua, kuna tahadhari yoyote upande wa gesi?

Mchangiaji wa pili

Zipo, na hizi usizichukulie kwa wepesi. Funga gesi kwenye mtungi au kwenye vali ya ukuta, kisha washa kichomeo kimoja ili gesi iliyobaki kwenye mrija iishe. Ondoa vichomeo na vifuniko vyake, na vijeti vidogo vya shaba vinavyobaki chini uvizibe kwa mkanda wa karatasi wakati wa kusafisha, kwa sababu punje moja ya mchanga wa msasa ndani ya tundu lake inatosha kuharibu moto. Bati lipulizwe likiwa limetolewa kabisa, kamwe lisipulizwe likiwa juu ya jiko.

Kabla ya kupuliza, funika kwa mkanda sehemu ambazo kichomeo hukaa juu ya bati na matundu ya skrubu. Kama jiko lina kiwashio cha cheche, cheche huruka kutoka kwenye ncha yake kwenda kwenye chuma cha kichomeo, na rangi ikiingia katikati kichomeo hakitawaka, kwa hiyo ncha hiyo na kichomeo vibaki safi bila rangi.

Ukirudisha kila kitu, fungua gesi, paka maji ya sabuni kwenye maungio uliyoyalegeza na uangalie mapovu kabla ya kuwasha. Moto ukiwa wa buluu uliotulia, mambo ni sawa. Ukiwa wa njano au unaacha masizi kwenye sufuria, zima na ukague vichomeo vimekaa sawasawa, kwa maana moto wa namna hiyo hutoa monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu na inaua.

Kwa matunzo, safisha bati likiwa limepoa kwa sabuni laini na kitambaa. Dawa ya kusafishia oveni yenye soda kali usiitumie hapo tena, kwani huondoa rangi ya silikoni hata ikiwa imeiva vizuri. Na ukienda karakana, nenda na kopo lenyewe, ili fundi wa oveni asome mwenyewe hatua za joto badala ya kukisia.